Tathmini ya BOOMERanG, darubini iliyopaa kwa puto

Miongoni mwa darubini zilizowahi kupandishwa kwa puto ili kupima mionzi hafifu ya mikrowevu iliyosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, BOOMERanG ndiyo ninayoiweka mbele, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya swali moja zito, yaani jiometria ya ulimwengu ni bapa au imejipinda, na ikalijibu. Iliongozwa na Andrew Lange wa Caltech (Taasisi ya Teknolojia ya California) na Paolo de Bernardis wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma, ikarushwa karibu na kituo cha McMurdo, Antaktika, tarehe 29 Desemba 1998.

Uchaguzi wa mahali unastahili sifa kubwa. Mvuke wa maji ulio hewani hufyonza mikrowevu na pia hutoa za kwake, lakini katika kimo cha takriban kilomita 38 karibu hewa yote huwa imebaki chini. Isitoshe, jua la kiangazi cha Antaktika halizami, kwa hiyo puto halishuki kwa baridi ya usiku, na pepo za juu hulizungusha kuizunguka ncha ya kusini. Baada ya siku zipatazo 10 na nusu, BOOMERanG ilitua si mbali na ilikoanzia.

Kilichonivutia zaidi ni vipokezi vyake, yaani bolometa (vifaa vinavyopima mionzi kwa joto dogo inalowaletea) zilizofumwa mfano wa utando wa buibui na kupozwa hadi Kelvini 0.28, karibu na sifuri halisi ya joto. Matundu ya utando huo huziacha chembe za miale ya kosmiki zipite bila kuvuruga vipimo, na bolometa za aina hiyo ndizo zilizopanda baadaye na setilaiti ya Planck, mwaka 2009. Matokeo yaliyotangazwa Aprili 2000 yalionyesha kwamba madoa ya joto na baridi katika mionzi hiyo yana upana wa takriban nyuzi 1 ya pembe angani, kipimo kinachotarajiwa iwapo jiometria ya ulimwengu ni bapa, yaani isiyojipinda.

Kasoro yake ilikuwa katika ulengaji: chombo kinachoning'inia hupepesuka, na ilibidi data zichambuliwe upya hadi 2001 ndipo vilele vya pili na vya tatu katika grafu ya ukubwa wa madoa hayo, alama za mawimbi ya sauti yaliyopita katika ulimwengu mchanga, vikajitokeza vizuri. Tena, ilipima kipande kidogo tu cha anga. Anayehitaji anga lote atumie setilaiti. Na anayetafuta polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mikrowevu hizo, atafaidika zaidi na SPIDER, chombo kingine cha puto kilichopaa Januari 2015 kikiwa na darubini 6.