Nintendo Switch au PlayStation Portal: ipi ya kutembea nayo?

Zote mbili ni mashine za gemu za mkononi, na hukutoa mbele ya runinga, lakini kwa njia tofauti kabisa. Switch, iliyotoka 2017, ni mashine kamili: gemu imo ndani yake, na hata kwenye basi lisilo na mtandao unaendelea kucheza. Portal ya 2023 hupokea picha tu kupitia Wi-Fi, kwa kawaida kutoka PS5 (PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony) iliyobaki nyumbani. Sony inataka kasi ya mtandao ya angalau Mbps 5 (megabiti kwa sekunde), na inashauri 15. Mtandao ukisuasua, vidole vinatangulia na picha inafuata nyuma. Kwenye gemu za kupigana hilo halivumiliki.

Kwa picha, Portal inashinda: kioo cha inchi 8 chenye ung'avu wa picha wa 1080p (mistari 1080), wakati Switch mkononi huishia 720p. Portal pia ni nafuu kuliko Switch ya OLED (toleo lenye kioo bora zaidi), ila kwa kawaida uwe tayari unamiliki PS5.

Matunzo? Vijiti vya Joy-Con, yaani vidhibiti vya pembeni mwa Switch, vina sifa mbaya ya kujisogeza vyenyewe, ingawa angalau Joy-Con huchomolewa na kubadilishwa.

Mwenye PS5 anayegombea runinga na familia, Portal itamfaa sana. Msafiri, au asiye na mashine yoyote, namshauri Switch.