Tiketi ya saa 24 ya treni za Tokyo: nani anunue, nani aiache

Wanaotoka Kampala kwenda Japani kukagua magari mara nyingi hubaki na siku moja tupu Tokyo, na pale uwanja wa ndege huuziwa Tokyo Subway Ticket kwa kuonyesha pasipoti. Ni tiketi nzuri kwa anayejua mipaka yake. Asiyeijua hulipa nauli mara mbili.

Inafungua laini 13 za chini ya ardhi: 9 za kampuni ya Tokyo Metro na 4 za Toei, ya serikali ya jiji. Treni za JR, kampuni nyingine ya reli, hazimo, na hapo ndipo wengi hunaswa, maana laini ya kijani ya Yamanote, inayozunguka jiji kwa stesheni 30, ni ya JR. Fuata alama ya M ya bluu au jani la kijani la Toei. Geti la JR litaikataa.

Je, inalipa? Safari fupi ya Metro au Toei huanzia yen 180. Gawanya bei utakayoikuta kwa 180. Kwa miaka mingi saa 24 ziliuzwa yen 800, yaani safari tano fupi. Ikipanda, safari nazo ziongezeke.

Sifa yake kubwa ni kwamba muda huanza unapoipitisha getini mara ya kwanza, wala haufi usiku wa manane. Ianze saa tano asubuhi, na asubuhi ya kesho bado ni yako. Pitia geti lenye tundu la tiketi, kwa kuwa mengine ni ya kadi tu, na uiokote upande wa pili. Usiibane na kava ya simu yenye sumaku, itafutika.

Njia inayoitendea haki: anzia Asakusa, hekalu la Senso-ji, bure. Panda laini ya Ginza, iliyofunguliwa 1927, vituo vitatu hadi Ueno (makumbusho ya taifa hufungwa Jumatatu), kisha laini hiyohiyo hadi mwisho, Shibuya. Kutoka hapo ni kituo kimoja tu kwa laini ya Fukutoshin hadi Meiji-jingumae, kituo cha hekalu la Meiji. Msitu wa hekalu hilo hufungwa jua likizama. Desemba ni saa kumi jioni, kwa hiyo usizubae Ueno. Endelea na Fukutoshin hadi Higashi-shinjuku, badili uingie laini ya Oedo, vituo viwili hadi Tochomae. Jengo la serikali ya jiji lina roshani ghorofa ya 45, mita 202 juu, na hulipi hata yen moja. Wanaolipia minara mingine wanajua wenyewe.

Angalizo kuhusu Oedo: si duara kamili. Tochomae ina treni za pande tofauti, basi soma kibao kabla ya kupanda.

Asubuhi ya pili ni ya Tsukiji, penye soko maarufu la samaki, kwa laini ya Hibiya. Mnada wa samaki ulihamia Toyosu 2018, ila vibanda vya chakula vipo. Jumapili vingi hufungwa. Kati ya saa moja na nusu na saa tatu treni hujaa kuliko taksi za Old Park ya Kampala, na begi kubwa ni balaa.

Laini ya Asakusa huendelea moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Haneda, lakini tiketi hii inaishia Sengakuji. Ziada hulipwa kwenye mashine ya kurekebisha nauli kabla ya geti la kutokea. Beba yen taslimu.

Mwenye sehemu mbili tu za kuona achukue Welcome Suica, kadi ya nauli ya kujaza pesa kwa ajili ya wageni: haina dhamana, hudumu siku 28, JR wanaipokea. Weka pesa kidogokidogo, kwani salio halirudishwi.