Gesti au makao ya watoto: nani awe jirani?

Nyumba kubwa ikibaki tupu Katubuka au Mwanga, hapa Kigoma, mwenyewe huwaza mawili: aifanye gesti, au aikodishe iwe makao ya watoto.

Gesti inataka leseni, afya wakague vyoo na maji, halafu kitabu cha wageni kikae mezani. Hicho kitabu ndicho ulinzi wa mtaa: jina, utokako, uendako, namba ya kitambulisho. Mgeni analala usiku mmoja, asubuhi kashaondoka. Kitabu kisipojazwa, mwenyekiti wa mtaa hana pa kuanzia likitokea jambo. Anayepangisha chumba kwa siku kimyakimya, bila leseni wala kitabu, ndiye manispaa imbane kwanza.

Makao yana mlango mwembamba zaidi, na ni sawa kabisa. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 hayaendeshwi bila leseni, na ustawi wa jamii wanapaswa kuyakagua. Kelele zipo, za watoto wakicheza jioni. Jirani anayezilalamikia hizo huku akivumilia muziki wa gesti hadi alfajiri ananisikitisha. Mimi ningechagua makao, mradi leseni ibandikwe ukutani.