Ndiyo, Hapana na kimya: miezi sita ya Google Forms kwenye oda za mapazia

Nashona mapazia, na oda zangu zote huja kwa fomu ya mtandaoni. Swali lililonisumbua kuliko yote ni fupi: mteja anahitaji fundi wa kwenda kumfungia? Ndiyo au hapana. Jibu hilo ndilo linaloamua kama fundi wangu atatoka asubuhi na drili yake au atabaki mezani akikata vitambaa.

Programu niliyokuwa nikilipia zamani ilinipa kisanduku kimoja. Anayetaka fundi aweke tiki, asiyetaka aache. Niliona inatosha, mpaka mama mmoja aliponipigia simu: "Mwanangu, mapazia yamefika, fundi yuko wapi?" Nikafungua oda yake, kisanduku kitupu. Mama hakumkataa fundi. Alijaza fomu kwa simu, na kisanduku kilikuwa kimejificha chini ya picha za vitambaa. Kwenye jedwali langu, aliyekataa na ambaye hakuona swali kabisa walionekana sawasawa, wote "hapana". Wiki hiyo niliwapigia wateja 14 wenye kisanduku kitupu. Watatu walikuwa wanamsubiri fundi.

Tangu siku ile nahesabu majibu matatu: ndiyo, hapana, na hajajibu. Fomu isiyoyatenganisha siitaki tena.

Nikahamia Google Forms, programu ya Google ya kutengeneza fomu za mtandaoni. Haina aina maalumu ya swali la ndiyo au hapana. Unachukua lile swali la kuchagua jibu moja, lenye viduara, unaandika machaguo mawili mwenyewe, kisha unawasha kitufe cha kulifanya la lazima. Nyota nyekundu inatokea, na mteja hawezi kutuma fomu mpaka aguse kiduara kimoja. Hakuna kilichochaguliwa kabla yake, na hilo nalipenda sana. (Ulaya suala hili lilifika mahakamani: mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku cha kukubali vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kifaa chako) kilichotiwa tiki tayari hakihesabiki kuwa ridhaa ya mtu.)

Kilichonikamata kabisa ni kumpeleka mteja sehemu tofauti kulingana na jibu lake. Aliyesema Ndiyo anaulizwa kama ukuta ni wa zege au wa mbao, na kama ana ngazi. Aliyesema Hapana anaruka hadi kwenye anwani ya kupelekewa mzigo, hasumbuliwi na maswali ya ukuta. Huduma hii ipo kwenye viduara na kwenye orodha kunjuzi, ile inayofunguka ukiigusa. Kwenye visanduku vya tiki haipo.

Kuwa makini na maandishi ya machaguo. Mimi nilianza na "Ndio", katikati nikasahihisha kuwa "Ndiyo". Lahajedwali la majibu likabaki na maneno mawili, na fomula yangu ya kuhesabu waliosema ndiyo, =COUNTIF(C:C,"Ndiyo"), ikaziacha nje oda zote za mwanzo.

Kubwa zaidi, hasa kwetu tunaouliza kwa Kiswahili: usiulize kwa kukanusha. Niliwahi kuandika "Huhitaji fundi?" Mteja mmoja akachagua Ndiyo kwa maana ya "ndiyo, sihitaji". Mwingine akachagua Ndiyo kwa maana ya "ndiyo, mlete". Wote wawili wamejibu Kiswahili safi, na mimi nimebaki na maneno mawili yanayofanana yenye maana zinazopingana. Hapo hakuna programu itakayokusaidia, ni kuandika swali upya tu. Nilifungua fomu mpya, na sasa swali linasomeka: "Je, tukuletee fundi wa kufunga mapazia?" Machaguo nayo nimeyarefusha: "Ndiyo, mleteni" na "Hapana, nitafunga mwenyewe". Hata anayesoma haraka kwenye kioo kidogo cha simu anajua amekubali nini.

Yule mama aliagiza tena mwezi uliopita. Alichagua "Ndiyo, mleteni", na kwenye nafasi ya maoni akaongeza: "Aje mapema."