TAHADHARI: Wanaobandika meno ya bandia majumbani na saluni

Ndugu zangu wa Dar, someni hili kabla hamjatuma "nusu ya malipo" kwa mtu. Wapo wanaojitangaza Instagram na kwenye status za WhatsApp kwamba wanaziba pengo kwa nusu saa, na jino "halitoki milele". Wanakufuata nyumbani au wanakukalisha kwenye kiti cha saluni. Shangazi yangu alibandikwa hivyo meno mawili ya mbele. Sasa fizi imevimba, inatoa usaha, na jino lake zima la jirani linacheza.

Wanachofanya ni kukoroga unga na kimiminika, wanaupaka ule uji juu ya fizi, wanachomeka jino la plastiki na kuligandisha kwenye meno mazima ya pembeni. Uji huo hupata joto unapokauka, na kimiminika chake huunguza fizi. Kibaya zaidi ni hilo hilo wanalojisifia, kwamba halitoki. Jino la bandia linalokalia fizi lazima livuliwe, lioshwe, na usiku fizi ipumzike. Likigandishwa, chakula kinaingia chini yake, mswaki haufiki, mdomo unanuka, na meno mazima yanaanza kuoza. Wengine hufunika hata mzizi uliobaki ndani!

Daktari wa meno huanza kwa kuuliza jino lilitokaje, lini, na kama una kisukari. Anakagua fizi, anapiga eksirei kuona mizizi na mfupa. Kama jino limeng'olewa juzi, atakueleza kwamba mfupa hunywea miezi ya mwanzo, kwa hiyo jino la kuvaa lililotengenezwa mapema litalegea. Kisha anachukua umbo la mdomo, fundi anamimina plasta kwenye umbo hilo kupata mfano wa taya yako, unajaribishwa meno yakiwa bado kwenye nta, na rangi inalinganishwa na meno yako. Yapo pia ya kudumu, daraja (jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pembeni) au skrubu inayofungwa kwenye mfupa wa taya ili ibebe jino, ila hayo ni kazi ya kliniki.

Mwombe mtu jina lake kamili na namba ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wa shangazi tulipomuuliza, alitublock.

Aliyekwisha kubandikwa asibandue kwa kisu wala koleo, atang'oa na jino zima. Aende hospitali yenye kitengo cha meno wakalikate taratibu, hata kama haumwi, maana uozo wa chini yake unaweza kuendelea kimya kimya bila maumivu.