Kile kitalu cha chini ya mnazi, barabara ya Bagamoyo: mzee anakuuliza maji yako kwanza ndo akuuzie mche

Naandika hii kwa ajili ya watu wa Dar wanaoishi ghorofani au kwenye nyumba zenye kiuwanja kidogo, wale wanaopenda kuona kijani ndani lakini kila wakinunua mmea unakauka kabla mwezi haujaisha na wanaishia kusema mi sina mkono wa kupanda. Mkono unao. Shida ni ulikonunua na maji unayomwagilia, na mi nimelijua hilo baada ya kupoteza hela nyingi sana.

Kitalu chenyewe hakina jina wala kibao. Kipo pembeni ya barabara ya Bagamoyo ukishapita Mwenge unaelekea Tegeta, wauza maua wako wengi njia nzima lakini hawa utawajua kwa mnazi mmoja mrefu, chini yake kuna kiti cha plastiki na pipa la bluu la maji ya mvua, nyuma neti nyeusi ya kivuli imefungwa kwenye milunda. Yupo mzee mwenyewe, binti mmoja anayemsaidia na kijana wa kubeba. Nimekuwa mteja wao mwaka mmoja na nusu sasa kwa hiyo siongei kwa kutembelea mara moja.

Kabla yao nilikuwa nanunua duka moja la kiyoyozi, sitalitaja. Nilichukua anthuriamu kwa elfu 65, maua mekundu yanang'aa kama yamepakwa mafuta, chungu cheupe kizuri, nikaiweka balkoni nikawa namwagilia kila siku asubuhi. Wiki ya 5 imelala yote. Nilivorudi dukani wakaniambia tu mmea ukishatoka hapa ni wako dada. Iliniuma sana jamani, manake nilikuwa naiangalia kila nikiamka.

Siku napita kwa mzee nilikuwa nayo kwenye bajaji, sijui hata kwa nini sikuitupa. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hebu lete huyo mgonjwa. Akaigonga chungu pembeni, akaitoa nzima kwa mkono mmoja. Ule udongo si udongo, ni kitu chepesi cha kahawia kama sifongo, juu ulikuwa na unyevu lakini alivyoupasua kwa vidole gumba viwili katikati ulikuwa mkavu kabisa, unapeperuka. Kumbe maji yote niliyokuwa namwaga yalikuwa yanapita pembeni kwenye ukuta wa chungu na kutokea chini, mmea wenyewe unakufa kwa kiu huku sahani imejaa maji. Akaendelea kuchambua, ndani kabisa akakuta kisoksi cha neti kimebana shina la mizizi, kidogo kama kidole cha mtoto. Akanionyesha bila kusema neno. Ndo nikaelewa kwamba ule mmea ulikuzwa kwenye nyumba maalum huko ulikotoka, hewa yake inapimwa, kivuli kinapimwa, kwenye kile kitu kinaitwa piti, mabaki ya mimea ya kinamasi, ambacho kikishakauka kinagoma kunywa maji tena mpaka ukiloweke kwenye ndoo, halafu ukakaa kwenye kiyoyozi, halafu mi nikauleta kwenye jua la saa 9 la Mikocheni. Ungeponaje?

Sasa huyu mzee ana maswali yake 3 na hakuuzii kabla hujamjibu. Jua linapiga kwako saa ngapi mpaka saa ngapi. Maji yako ya bomba au ya kisima. Na ukisafiri nani anamwagilia. Mara ya kwanza nilikereka kidogo, nina haraka, nina hela mkononi, nataka monstera, ile ya majani makubwa yenye matundu, nikapige picha. Sa hivi naona hayo maswali ndo huduma yenyewe.

La maji ndo lililonifungua macho. Jengo letu tunatumia kisima kirefu na ukanda wetu wa pwani visima vingi vina chumvi, unaijua kwenye sabuni haitoi povu, unaijua kwenye birika. Akaniambia nimletee kwenye chupa. Nikampelekea, akachovya kidole akaonja, akatema, akaniambia haya maji ni ya kuoshea gari. Akaenda kuchukua chungu cha udongo kilichotumika akanionyesha ule unga mweupe kwenye ukingo, mi siku zote nilidhani ni chokaa ya mfinyanzi, kumbe ni chumvi inabaki maji yakishakauka. Inavobaki pale juu ndivo inavyobaki na kwenye mizizi, na mmea unaanza kuungua ncha za majani, kahawia kavu kama limeguswa na pasi, halafu watu wanadhani umekosa maji wanaongeza yale yale ya chumvi. Nilikuwa nafanya hivo hivo.

Dawa yake sio ngumu. Kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli, hata kwa beseni, hayo wape mimea yenye majani laini. Mingine ukilazimika kutumia ya kisima basi mara moja moja mwaga maji mengi matamu mpaka yatoke chini ya chungu yaondoke na chumvi, na usiache yakae kwenye sahani. Kama huna maji matamu kabisa usinunue kalathea wala anthuriamu wala kangaga (fern), nunua bogenvilia, nunua zedi zedi (ZZ), nunua sansevieria. Mzee alinikatalia kalathea nikiwa nimeshaishika mkononi. Mfanyabiashara gani anafanya hivo?

Nirudi kwenye jua kwa sababu hapa ndo wengi tunapotoshwa na video. Mtu yupo Uholanzi au Uingereza anasema weka mmea kwenye dirisha la kusini upate mwanga, na wewe unaenda kuweka kusini. Kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Dar tupo karibu digrii 7 tu kusini mwa ikweta, jua linahama, kuanzia kama mwezi wa 10 hadi mwanzoni mwa mwezi wa 3 mchana linakuwa upande wa kusini, miezi mingine yote linakuwa kaskazini, kwa hiyo balkoni ya jirani yako inaweza kuwa kivuli mwezi wa 6 na tanuri mwezi wa 12. Yangu inaangalia magharibi, hiyo haina msamaha mwaka mzima, kuanzia saa 8 mpaka jua kuzama inapigwa. Halafu wanakwambia majira ya baridi punguza maji. Baridi gani? Kwetu mimea inachangamka masika, na kipindi cha hatari ni Januari na Februari joto limepanda mvua hakuna, na kwa sisi wa ghorofani kipindi cha kusi pia, ule upepo unakausha chungu kidogo kwa siku moja.

Mzee alinipangia hivi: mbele kabisa bogenvilia 2 zipate jua, tena akasisitiza nisizinyweshe kila siku manake ikishiba maji inatoa majani matupu, ukiiacha ipate kiu kidogo ndo inarusha maua. Nyuma yake kipande cha neti. Nyuma ya neti mwasumini. Ndani sebuleni zedi zedi.

Kuhusu zedi zedi kuna jambo linanigusa na naomba niliseme. Huu mmea ambao maofisini unauzwa kama kitu cha ulaya, kwenye lile duka waliniambia elfu 80, ni wa kwetu. Asili yake ni Afrika mashariki na kusini, kuanzia Kenya kupitia hapa Tanzania na Zanzibar mpaka Afrika Kusini, unaota wenyewe kwenye vichaka vya pwani. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990 na leo uko kila ukumbi wa benki duniani. Mzee anazalisha mwenyewe kwa jani, anachomeka kijani kimoja kimoja kwenye mchanga chini ya neti, alinichimbulia kimoja nikaona kiazi kidogo cha rangi ya maziwa kama punje ya karanga, akasema hicho kina miezi 6 na hakijatoa hata chipukizi. Ndicho kinachohifadhi maji, ndo maana ukiusahau wiki 3 haufi. Kwake nilinunua kwa elfu 20 wenye mashina 5, na umeshaongeza 3.

Lakini mwasumini ndo umenifanya niandike. Mche kwenye kiriba, kile kifuko cha plastiki, elfu 4. Bibi yangu Tanga alikuwa nao mlangoni na mi nilijua ni mmea wa shambani tu, hauwezi kukaa ghorofani. Mzee akaniambia mwanangu tatizo watu hawaukati. Unatoa maua kwenye matawi machanga, kwa hiyo kila ukimaliza kutoa punguza ncha, upe samadi kidogo, utachipua na kila chipukizi linakuja na vikonyo vyake vya maua. Nilikata nikiwa naogopa, nilihisi naharibu. Baada ya wiki chache nikaona vichwa vyeupe vimefumba, vidogo kama punje za mchele halafu vikanenepa. Jioni ya kwanza nilikuwa naanua nguo, imekaribia magharibi, harufu ikaja kabla sijaona kitu. Nikageuka, manne yalikuwa yameshafunguka, la tano lilikuwa bado limejikunja kama leso. Nilimpigia mama simu pale pale. Siku hizi nachuma jioni kabla hayajafumbuka, natunga kikuba kimoja kwa uzi, naweka kwenye mto.

Udongo wake anachanganya mwenyewe na anauza kwa ndoo, elfu 5. Mafungu 2 ya udongo mweusi wa juu, 1 la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, 1 la samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka haina harufu, na pumba za mpunga zilizochomwa kiasi. Makumbi anayaosha kwanza, anasema yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kamba yamekunywa maji ya bahari, ukiyatia kwenye chungu hivo hivo umerudi kwenye shida ile ile ya chumvi. Ukitaka mche wowote anakutolea kwenye kiriba uone mizizi, ikiwa myeupe na imetawanyika kama tambi ni mzima, ikiwa imezunguka zunguka chini kama kata ya kubebea ndoo basi umekaa sana humo, anakupunguzia bei na anakwambia kabisa sababu.

Kitu kingine alichonisaidia ni cha mbu. Hapa Dar tulipata homa ya dengue 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, visahani vya maua ndo nyumba yake. Yai mpaka mbu kamili ni kama wiki moja hivi kwenye joto letu. Mzee anakupa mchanga bure ujaze kwenye sahani, maji yanaingia lakini hayakai juu. Mwenye watoto ndani ajue hilo kabla hajanunua vyungu 20.

Sasa mabaya yake, manake yapo. Bei haijaandikwa popote, inabidi uulize moja moja, na binti akiwa peke yake bei inaweza kuwa juu kidogo mpaka mzee arudi, nimeshaona tofauti ya elfu 3 kwa mche ule ule. Majina hawaweki, kroton zipo aina labda 10 na zote zinaitwa kroton. Kuegesha gari ni shida na masika kunakuwa na tope, vaa malapa. Usafiri wao wa bodaboda sishauri, waliwahi kuniletea monstera jani kubwa kuliko yote limekatika katikati, walinipunguzia hela ila jani halirudi. Na mara moja nilikuta sisimizi wengi kwenye kiriba cha kroton, sikujali, kumbe pale pana vidung'ata, vile vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, sisimizi wanawalinda kwa sababu ya ule utamu wanaotoa. Vilihamia kwenye mimea 2 mingine. Nilifuta kwa pamba na spiriti, halafu maji ya sabuni na majani ya mwarobaini kila baada ya siku 4, ilichukua mwezi mzima. Kwa hiyo ukinunua hapa au popote geuza majani uangalie chini, na mmea mpya ukae peke yake wiki 2 kwanza. Mzee nilipomwambia alikwenda kukagua safu nzima pale pale, akatenga viriba 6.

Nawapa nyota 4 na nusu. Hiyo nusu iliyopungua ni ya bei zisizoandikwa.

Ukienda nenda asubuhi kabla ya saa 3, ndo wanamwagilia, mimea imesimama vizuri na mzee ana muda wa kuongea, na lipa namba wanayo. Chukua na chupa ya maji ya kwako. Mi Jumamosi nafuata mlangilangi, ule mkubwa alinikatalia kwa sababu ni mti wa kwenda juu mita 10 na zaidi hauna maisha kwenye chungu, lakini ipo aina fupi inayobaki kichaka na ameniwekea mmoja chini ya neti tangu mwezi uliopita, anasema ua la kwanza limetoka bado la kijani, nisubiri liwe njano ndo litanukia.