Wavu wa banda la kasuku: upi ununue, upi uuache dukani

Ukiushika wavu dukani, tazama kwanza kiungo, pale nyaya mbili zinapokutana. Mdomo wa kasuku huanzia hapo na kutu huanzia hapo. Bei ya mita iulize baadaye.

Lakini kabla ya aina ya wavu, jua kipimo cha kila aina ya kasuku. Baji wanatosheka na macho, yaani matundu ya wavu, ya milimita 12 kwa 12 na waya wa milimita 1. Cherero ni mdogo lakini mdomo wake ni mkali, kwa hiyo macho yabaki hayo hayo na waya upande hadi 1.6. Kokatieli hukaa salama kwenye macho ya 12 kwa 25, waya 1.6. Kasuku wa kijivu na amazoni wanataka macho ya 25 kwa 25, waya wa 2 hadi 2.6. Kwa makau na kakatua wakubwa waya usishuke chini ya milimita 3. Jicho likiwa kubwa kuliko inavyofaa, ndege huingiza kichwa na kushindwa kukitoa. Wauzaji wengi hutaja geji, namba ya unene wa waya, na kwenye geji namba ikipanda waya hupungua unene. Tena vipimo vya geji viko vya namna mbalimbali, basi nenda na kalipa, kifaa cha kupimia unene, upime mwenyewe kwa milimita.

Wa kwanza: chuma cha pua

Stenlesi ndiyo bora kuliko zote, na ni ghali kuliko zote. Haina tabaka la zinki la kumenyeka, husafishika kwa brashi na maji ya sabuni, na ndege anayepanda wavu kwa mdomo siku nzima hamezi sumu. Daraja la 304 linatosha mahali pengi. Karibu na bahari chukua 316, maana chumvi huila 304 kwa vidoa vya kutu. Chagua uliochomelewa. Uliofumwa bila kuchomelewa, nyaya zake huteleza na kasuku mwenye nguvu hulipanua jicho. Kama fedha haitoshi banda zima, weka stenlesi kwa ndege wakubwa na wale wasioacha kung'ata.

Wa pili: uliochovywa zinki baada ya kuchomelewa

Huu ndio chaguo la wafugaji wengi, na kwa ndege wadogo na wa kati hauna ubaya ukiutayarisha. Zinki imefunika kila kitu, kiungo pia, ndiyo maana hudumu. Utautambua kwa kidole: kwenye kiungo zinki imejaa pembeni, na waya unakwaruza na una matone yaliyogandia.

Matone hayo ndiyo hatari. Kasuku huyabandua na kuyameza, na zinki ikiyeyuka tumboni humdhuru: hunywa maji kupita kiasi, hutapika, kinyesi hugeuka kijani, hukonda, hulegea, na wengine hufa. Ukiziona dalili hizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo umweleze kuwa wavu ni mpya. Kuna dawa ya kuiondoa sumu, ila inahitaji kuwahiwa.

Maandalizi ni haya. Utandaze wavu, ng'oa matone kwa koleo, sugua pande zote kwa brashi ngumu na siki, suuza kwa maji mengi, kisha uache nje upigwe mvua na jua majuma kadhaa. Ukirudi ukakuta unga mweupe, sugua tena. Siki haimalizi zinki yote. Inaondoa ile iliyolegea, ambayo ndiyo humezwa kwa urahisi.

Wa tatu: uliochomelewa baada ya kupakwa zinki

Unang'aa, ni laini, bei yake inavutia. Tatizo ni kwamba moto wa kuchomelea umekwisha kuunguza zinki pale pale kwenye kiungo. Utaona doa jeusi au la kahawia. Kutu huanzia hapo, kiungo hukatika, na ncha hubaki imechomoza ndani ya banda. Utumie ndani ya nyumba kwa baji tu, pasipofika mvua.

Ya kuacha

Wavu wa kuku wa pembe sita, ule wa kusokotwa, hauwafai kasuku. Mdomo huufumua msokoto, na kidole hunasa kwenye pembe nyembamba. Uliovikwa plastiki nao uuache: ndege huimenya plastiki, vipande vikaziba kifuko cha chakula, na chini yake kutu imeenea bila wewe kuiona.

Kiasi gani

Pima roli kabla ya kuchora banda. Roli la upana wa mita 0.9 linakaa vizuri kwenye banda la urefu wa mita 3, upana 0.9 na kimo 1.8. Kuta ndefu mbili zinakula mita 12, za mbele na nyuma 3.6, paa 3: jumla mita 18.6. Roli la mita 30 linakuachia 11.4. Usiziuze. Mita 6 kati ya hizo ni za ukuta wa pili baina ya banda hilo na la jirani, ukiachwa mwanya wa sentimita 5 au zaidi. Bila mwanya huo, ndege wa pande mbili hung'atana vidole hadi kuvikata, hasa wakati wa kutaga.

Wavu ukae upande wa ndani wa fremu, mbao zisitafunwe. Chini uzike au ukunje kuelekea nje sentimita 30 ili panya wasichimbe kuingia. Panya mdogo hupita macho ya milimita 12. Kama wanakusumbua, ongeza kwa nje wavu wa milimita 6.

Unapokata, kata sawasawa na waya unaokatiza, pasibaki mwiba. Na utandike turubai chini kabla ya mkato wa kwanza: vipande vya nyaya vikidondoka kwenye mchanga wa banda, kasuku ataviokota. Sumaku huokoa vya zinki, lakini vya stenlesi haivishiki vizuri.